Mahame ya Wharram Percy: si tauni iliyokiua kijiji

Wharram Percy ni kijiji kilichohamwa zamani huko Yorkshire, Uingereza: kanisa la Mtakatifu Martin lisilo na paa, nusu ya mnara, na malisho matupu. Wageni wengi hufika na jibu mfukoni: tauni iliwamaliza wanakijiji.

Haikuwamaliza. Tauni ya 1348 na 1349 iliua wengi, ila kijiji kiliishi karne moja na nusu zaidi. Kilichokiua ni kondoo. Mwenye ardhi aliona kondoo wanalipa kuliko wakulima. Mnamo mwaka 1500 hivi kaya za mwisho zikatimuliwa na nyumba zikabomolewa. Hayo yalithibitishwa na mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst, waliochimba hapo kila kiangazi kwa takriban miaka 40, hadi 1990.

Wengine hudhani kanisa lilikufa siku moja na kijiji. Wapi! Liliendelea kuhudumia majirani, na ibada ya mwisho ilikuwa 1949. Zitazame kuta zake: utaona matao yaliyozibwa kwa mawe. Waumini walipopungua, sehemu za pembeni zilivunjwa na matao yakajazwa. Baadaye wezi waliondoka na madini ya risasi yaliyoezeka paa, na mwaka 1959 nusu ya mnara ikaporomoka.

Mizimu? Hofu hiyo huenda ilikuwa ya wanakijiji wa kale wenyewe. Mwaka 2017 watafiti walieleza kuhusu mifupa ya binadamu iliyochimbuliwa kijijini, ikiwa na alama za visu na moto. Maelezo wanayoyaona yana uzito zaidi ni kwamba watu waliogopa wafu wasije wakaamka.

Dhana inayoniudhi ni hii: gofu halina mwenyewe. Wharram Percy inalindwa kisheria, na kupitisha mashine ya kutafuta chuma bila kibali ni kosa. Ni tamaa ileile inayowafanya watu Tanzania wachimbe misingi ya majengo ya Mjerumani wakisaka rupia, mpaka ukuta unawaangukia.

Maana unene wa ukuta usikudanganye. Katikati mara nyingi ni kifusi na chokaa tu. Paa likiondoka, mvua huingia kwa juu na kuulegeza. Kuziba nyufa kwa saruji ndiyo balaa zaidi, kwa sababu saruji hufungia maji ndani. Basi usipande juu, wala usiegemee.

Kuingia ni bure. Kutoka maegesho ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja kwa miguu, na njia ina tope. Viatu vya mjini viache garini.