Je, wajua kwa nini mwinuko wa Denver huwakata wageni pumzi lakini hauleti ubingwa?

Msimu wa 2022/23 Denver Nuggets, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walicheza mechi 41 nyumbani wakashinda 34. Ugenini walicheza 41 vilevile, wakaambulia ushindi 19. Timu ileile, kocha yuleyule Michael Malone, nyota wao Nikola Jokić yuleyule. Mashabiki wa kikapu huku Nyanda za Juu Kusini jibu wanalo mfukoni: mwinuko. Denver ipo mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700, Iringa inakaribia 1,600, na Njombe inawapita wote. Aliyewahi kukaa jukwaani Uwanja wa Sokoine, Mbeya, akaangalia timu ya Pwani ikishika magoti kipindi cha pili hahitaji kuelezwa sana.

Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu.

Hewa ya Mbeya ina oksijeni asilimia 21, sawa kabisa na ya Kigamboni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kuliko Pwani: imepungua kwa takriban asilimia 17 Denver, 18 hivi Mbeya. Aliyeketi hasikii chochote, kwani damu bado inapakia karibu mzigo wake wote. Shida huanza misuli inapodai kwa wingi.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani mgeni hupungua mbio. Mkimbio mmoja wa kutoka kikapu hadi kikapu hautegemei sana oksijeni ya wakati huo. Misuli hutumia akiba yake ya ndani. Oksijeni ndiyo inayoirudisha ile akiba, katika zile sekunde chache za faulo, mitupo huru au mpira uliotoka nje. Juu huku kujaza huchelewa. Mgeni atakimbia vizuri mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Ikifika robo ya tatu anaanza kufika kwenye ulinzi nusu hatua nyuma, na mitupo yake ya mbali inagonga ukingo wa mbele wa ringi, maana nguvu ya mtupo hutoka miguuni. Ukiona mipira inafika mifupi namna hiyo, usiilaumu mikono.

Mwili huzoea, lakini kwa awamu. Kuhema haraka huanza saa zilezile za kwanza. Figo hutoa homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu mapema tu, ila chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa kuongezeka vya kutosha. Timu ya NBA haina wiki hizo. Msimu wa kawaida una mechi 82. Mgeni anatua Denver usiku, pengine jana yake alicheza mji mwingine, anacheza, anapanda ndege. Hewa nyepesi na uchovu wa safari vinamkuta kwa pamoja, na ukitazama matokeo huwezi kuvitenganisha.

Sasa, kama hewa ingetosha, Nuggets wangekuwa na kabati la makombe. Waliingia NBA mwaka 1976. Kombe la kwanza walilibeba Juni 2023. Katikati hapo walijaribu. Msimu wa 1990/91 kocha Paul Westhead aliamua kuutumia mwinuko waziwazi: kimbia, tupa haraka, kimbia tena, mgeni atajua mwenyewe. Walifunga wastani wa karibu pointi 120 kwa mechi, wakafungwa karibu 131, wakamaliza na ushindi 20 na vipigo 62. George Karl alifanya vizuri zaidi: msimu wa 2012/13 kikosi chake cha mbio kilishinda mechi 38 kati ya 41 nyumbani. Halafu kikatolewa raundi ya kwanza ya mtoano na Golden State Warriors, 4–2. Warriors walichukua mechi ya pili palepale Denver, na hiyo moja ikawatosha.

Mtoano una hesabu yake. Mechi mbili za kwanza huchezwa kwa aliyemaliza juu, mbili zinazofuata kwa mwenzake, kisha moja moja hadi mtu afikishe ushindi wa nne. Mgeni anakaa Denver siku kadhaa. Damu yake haijabadilika, lakini usingizi ameupata, na kocha amejipanga: anawapumzisha wachezaji kila baada ya dakika tano au sita badala ya kuwaacha nane au kumi, na anaomba muda wa mapumziko kabla watu hawajaanza kushika viuno.

Kwa hiyo mwinuko hulipa mapema, kwenye msimu wa kawaida. Ule ushindi 34 ndio uliowapa Nuggets rekodi ya 53–29 (ushindi kwa vipigo) na uongozi wa Kanda ya Magharibi, na kinara huanzia nyumbani. Yaliyofuata yalikuwa kazi ya Jokić na Jamal Murray. Timberwolves walitoka 4–1, Suns 4–2, Lakers 4–0, na Heat wakafungwa 4–1 fainali. Nyumbani 10–1, sawa. Lakini itazame ile ya ugenini: 6–3. Mechi ya tatu ya fainali ilichezwa Miami, usawa wa bahari, na Jokić akaondoka na pointi 32, rebaundi 21 na asisti 10, Murray na 34, 10 na 10. Mwaka uliofuata Timberwolves walipanda Denver wakashinda mechi tatu za mfululizo mmoja, pamoja na ya saba, 98–90.

Kuna jambo moja la mwinuko ambalo halimchagui mgeni wala mwenyeji: mpira. Uliojazwa Dar es Salaam hadi geji ya upepo isome psi 8 ukifika Mbeya utasoma kati ya 9 na 10, hata ukipunguza kile kinachonywea kwa baridi, kwa sababu hewa ya nje inayoubana imepungua. NBA hutaka 7.5 hadi 8.5. Mpira mgumu hivyo huruka mbali ukigonga ringi na kuwaponyoka wapiga chenga. Kama geji huna, uachie kutoka mita 1.8 ukipima chini ya mpira. Unatakiwa kurudi kati ya mita 1.2 na 1.4 ukipima juu yake. Ukizidi, lowesha sindano, toa upepo kidogo, pima tena, na ufanye hivyo uwanjani, kabla ya kupasha misuli.