Maana ya Fonti ya Bunilizi za Kisayansi za Zamani

Fonti ya bunilizi za kisayansi za zamani ni seti ya herufi zilizochorwa kwa sura ambayo watu wa kati ya miaka ya 1950 na 1970 waliinasibisha na kompyuta, roketi na maisha ya baadaye. Fonti hiyo hutumika katika nembo, vichwa na mabango, wala haikukusudiwa aya ndefu.

Sura hiyo ina asili zaidi ya moja. Mwaka 1952, kiwanda cha herufi za uchapaji cha Nebiolo cha Turin, Italia, kilitoa fonti ya Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese, ambayo ilikuwa na herufi kubwa pekee, pana, zenye umbo la mraba uliolainishwa pembe kama kioo cha televisheni ya wakati huo. Novarese aliiendeleza akatoa Eurostile mwaka 1962, safari hii pamoja na herufi ndogo.

Asili ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye mvuto zaidi, imetoka benki. Aliyewahi kupeleka hundi katika benki za Barabara ya Nkrumah, Mombasa, ameziona tarakimu za ajabu zilizopangwa chini ya karatasi, zenye unene unaobadilika ghafla. Tarakimu za namna hiyo huchapwa kwa wino wenye chembe za sumaku, na unene huo hugawanywa kwa makusudi ili kila moja itoe mawimbi yake na mashine isiichanganye na nyingine. Mfumo huo wa hundi, uitwao E-13B, una tarakimu 10 na alama 4 tu, bila herufi hata moja. Kwa hiyo wachoraji wa Uingereza waliotaka kuandika maneno kwa sura hiyo walilazimika kubuni alfabeti nzima. Leo Maggs alichora fonti ya Westminster katika miaka ya 1960, na Bob Newman akachora Data 70, iliyotolewa na kampuni ya herufi ya Letraset mwaka 1970. Katika alfabeti hizo unene ule hauna kazi tena, kwani hakuna mashine inayousoma. Umebaki pambo la kuashiria mashine.

Mbunifu wa Mombasa anayetengeneza bango la tamasha au maandishi ya ubavuni mwa matatu aipime fonti ya aina hii kwa Kiswahili kabla ya kuinunua. Maneno yetu hurefushwa na viambishi, na neno kama “Tunawakaribisha” likiandikwa kwa herufi pana humaliza nafasi upesi, hasa kwa sababu m na w ndizo pana kuliko zote. Aangalie pia kama ritifaa ya ng' imo na inaonekana vizuri, maana baadhi ya fonti za mapambo huwa na alama chache. Neno moja au mawili yanatosha. Tarehe, mahali na kiingilio viandikwe kwa fonti ya kawaida, kwa kuwa msomaji wa bango la barabarani huwa anapita.