Programu haihamishwi kwa flashi

Tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mazungumzo ya kuhamia kompyuta mpya hayaishi katika saiba za Malindi na Lamu. Laptopu nyingi za zamani hazina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka, kwa hiyo watu wananunua nyingine na wanataka kuondoka na kila walicho nacho. Kuhama si tatizo. Tatizo ni kuzitia faili na programu kapu moja, kisha kushangaa nusu ya kapu inapofika haifanyi kazi.

Kwa ufupi: faili ni kitu kilichokamilika peke yake. Barua, picha ya harusi, jedwali la mishahara, vyote unavinakili na kuvipeleka popote, navyo hufunguka mradi huko kuna programu inayovielewa. Programu ni kundi la faili zilizosambazwa sehemu kadhaa za diski, pamoja na maelezo yaliyoandikwa katika rejista, yaani ghala ambamo Windows hutunza mipangilio. Faili hunakiliwa. Programu husakinishwa, na kwenye mashine mpya husakinishwa upya.

Linalochosha zaidi ni suala la aikoni. Mtu huburuta aikoni za Word, Excel na QuickBooks (programu ya uhasibu) kutoka kwenye skrini ya mbele hadi kwenye flashi, akaondoka ameridhika. Itazame aikoni hiyo kwa karibu: pembe ya chini kushoto ina kishale kidogo. Hiyo si programu, ni njia ya mkato, faili yenye kiishio cha .lnk na uzito wa kilobaiti moja au mbili, ambayo kazi yake yote ni kuelekeza kwingine. Ibofye kulia, fungua sifa zake, utaiona anwani yenyewe inaanza na C:\Program Files. Kwenye mashine mpya anwani hiyo haina mwenyeji. Word na wenzake wana uzito wa gigabaiti kadhaa. Wakiwa “wamehama” kwa sekunde moja, hakuna aliyehama.

Wanaojua zaidi kidogo huingia Program Files na kunakili folda nzima. Hawa angalau wamebeba kitu, ila wamebeba kipande. Mipangilio inayohusu watumiaji wote huwekwa C:\ProgramData, ya mtumiaji mmoja huwekwa AppData ndani ya folda yenye jina lake, na zote mbili Windows huzificha. Maktaba za DLL, yaani faili za msimbo zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, hukaa kwenye folda ya System32. Huduma zinazojiwasha na kompyuta, viendeshi vya printa, na uamuzi wa programu gani ifungue faili ya aina gani, hayo yote huandikwa katika rejista chini ya matawi ya HKEY_LOCAL_MACHINE na HKEY_CURRENT_USER. Mtu akihama Mkomani kwenda Shela, hapo kisiwani Lamu, kitanda na makabati hupakiwa mashuani. Mita ya stima na mabomba ya maji hayapakiwi, huunganishwa upya huko aendako.

Ndiyo sababu folda iliyonakiliwa ikibofywa huweza kujibu kwamba VCRUNTIME140.dll haipo. Hapo huongezwa kosa juu ya kosa: faili hiyo moja hutafutwa kwenye tovuti za kugawa DLL na kutumbukizwa System32. Tovuti hizo ni mlango wa virusi. Faili inayotafutwa ni sehemu ya kifurushi cha Visual C++ Redistributable, kinachotolewa bure na Microsoft yenyewe, na kisakinishi halisi cha programu mara nyingi hukiweka bila hata kukuuliza.

Zoea hili lina asili, wala si ujinga. Enzi za MS-DOS programu nyingi zilikaa katika folda moja. Ukiinakili kwenye disketi na kumpa mwenzako, kwake pia ilifanya kazi. Windows za mwanzo ziliweka mipangilio katika faili za maandishi kama WIN.INI na SYSTEM.INI, na programu nyingi zilikuja na .ini yao wenyewe. Windows 3.1 ya 1992 ilikuwa na rejista ndogo, iliyoshughulika hasa na aina za faili na programu za kuzifungua. Kwenye kompyuta za watu wa kawaida, ni Windows 95 iliyoifanya rejista kuwa ghala kuu la mipangilio, na kuanzia hapo folda peke yake ikawa haitoshi. Waliojifunza kabla ya hapo waliwafundisha wengine walichokijua, nao wakawafundisha wengine, hata leo kijana aliyezaliwa baada ya disketi kutoweka anafanya kama disketi ingalipo.

Kuna programu zisizofuata sheria hii. Zipo zilizotengenezwa makusudi ziweze kubebeka, zenye kila kitu chao ndani ya folda moja, na hizo flashi inatosha. Kwenye Mac programu nyingi ni kifurushi kimoja cha .app, na zana ya Apple ya kuhamia mashine mpya, Migration Assistant, huzihamisha kweli. Anayetoka upande huo akisema amehamisha programu zake, hajakosea.

Halafu kuna wa “mbona fundi fulani alinihamishia kila kitu?” Fundi huyo hakuhamisha programu. Alinakili diski nzima pamoja na rejista yake, kwa zana kama Clonezilla. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ina mitego yake: diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, iliyozoea kuwashwa na BIOS, inaweza kukataa kuwaka kwenye mashine inayokubali pekee UEFI, mfumo mpya wa kuwasha kompyuta, viendeshi vinakuwa vya mashine nyingine, na leseni ya Windows iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubao-mama wa laptopu hiyo. Tena, ukishamaliza, unajikuta na ile ile Windows 10 uliyokuwa ukiikimbia.

Inashangaza watu wanavyohangaikia programu, ambazo hupakuliwa tena, na kusahau data iliyojificha ndani yake. Nyingi haiko Documents. Folda ya Chrome ukiinakili itakuja na alamisho zako, lakini nywila zilizohifadhiwa zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile, kwa hiyo hazitafunguka. Ama uzioanishe kupitia akaunti ya Google, ama uzitoe kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), uziingize upya, kisha uifute CSV hiyo mara moja kwa sababu kila nywila imo wazi kama ilivyo. Kwa Firefox, faili ya nywila, logins.json, na ya ufunguo wake, key4.db, lazima zisafiri pamoja. Moja bila nyingine ni kufuli bila ufunguo. Barua za Outlook ya mtindo wa zamani huweza kuwa kwenye faili ya .pst, mara nyingine katika folda ya Outlook Files, mara nyingine ndani ya AppData. Hoteli au duka linalotumia QuickBooks ya kwenye kompyuta lisinakili faili yake ya hesabu, .QBW, ikiwa imefunguliwa. Litengeneze nakala ya akiba ya .QBB kutoka ndani ya programu yenyewe, kisha liirejeshe upande wa pili. Na programu ambazo leseni yake huruhusu idadi fulani tu ya kompyuta, izime leseni hiyo kwenye kompyuta ya zamani kabla hujaifomati.

Kunakili faili zenyewe ni kazi nyepesi, ila usitumie “kata”. Kati ya diski mbili Windows hunakili kila faili kisha huifuta ilikotoka, hivyo stima ikipotea katikati, na kwetu hupotea, utabaki na nusu huku na nusu kule. Nakili, fungua sifa za folda zote mbili, linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti, ndipo ufute. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Video ya harusi ikikataliwa na nafasi ipo tele, sababu ni hiyo, na dawa ni kuifomati kwa exFAT baada ya kutoa kilichomo. Folda yote ya mtumiaji ni afadhali ipitishwe kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili, kuliko kuburutwa (badala ya “jina” weka jina la folda yako ya mtumiaji, na E: ni diski unayopelekea):

robocopy C:\Users\jina E:\akiba /E /XJ /R:1 /W:1

Hiyo /XJ usiiache. Ndani ya AppData\Local kuna kiungo kinachoitwa Application Data kinachoelekeza pale pale kilipo, na bila /XJ robocopy huzunguka humo, folda ndani ya folda ndani ya folda. Wanaotoa diski na kuichomeka kwa kasha la USB nao waangalie kwanza kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski, maana itadai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo ni rahisi kuupata mashine ya zamani ingali inawaka.

Kwa programu, kilicho karibu zaidi na “kuhamisha” ni winget, zana ya kusakinisha programu kwa kuandika amri, iliyomo Windows 11 na Windows 10 za karibuni. Kwenye mashine ya zamani andika winget export -o orodha.json, ipeleke orodha hiyo kwenye mpya na uandike winget import -i orodha.json. Hata hapo kinachosafiri ni majina tu. Programu zenyewe hupakuliwa upya, kwa hiyo uwe na bando la kutosha, na zile zisizopatikana kwenye ghala la winget utaambiwa wakati wa kutoa orodha ili uzitafutie visakinishi mwenyewe.

Basi, ukimpelekea fundi mashine mbili, mwambie hivi: “Nikopie faili zangu zote, programu hizi nisakinishie upya, na leseni zake ni hizi.” Usipokuwa na hizo leseni, tafuta risiti au barua pepe za ununuzi kabla hujatoka nyumbani.