Aina ya tishu: kwa nini ndugu wa tumbo moja wanaweza wasilandane

Maneno huanza hivi. Kijana wa Ujiji anaumwa, anatafutwa mtu wa kumchangia figo, na kaka yake wa baba mmoja mama mmoja anajitolea. Grupu la damu ni lile lile, wote O. Majibu ya tishu yanaporudi, hawalandani hata kidogo. Kabla ya magharibi mtaa umeshaanza kumhesabia mama yao miaka na safari za mumewe.

Kumbe majibu hayo hayamshtaki mtu.

Aina ya tishu ni mkusanyiko wa alama, yaani antijeni, zinazokaa juu ya karibu kila chembe ya mwili yenye kiini. Kinga ya mwili huzisoma alama hizo ili imjue mwenyeji na mgeni. Wataalamu huziita HLA. Grupu la damu ni habari nyingine kabisa: jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9, za tishu ziko kwenye kromosomu ya 6, na kila moja hurithiwa kivyake. Watu wawili wa O wanaweza kuwa mbali kwa tishu kama Kigoma na Tanga.

Alama ya kwanza ilielezwa mwaka 1958 na Jean Dausset wa Ufaransa, aliyegundua kuwa damu ya wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi ilikuwa na kingamwili dhidi ya chembe nyeupe za watu wengine. Alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Mimba nayo hufanya kazi kama hiyo: mama anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama ambazo mtoto amezichukua kwa baba. Ndiyo maana mke aliyezaa mara kadhaa hupimwa kwa uangalifu kabla ya kupokea figo ya mume wake. Mwili wake huenda unamjua mume huyo vizuri mno.

Sasa urithi wenyewe. Jeni kuu za tishu, zinazoitwa kwa herufi A, B, C, DR, DQ na DP, zimebanana mahali pamoja. Kwa hiyo hazigawanywi moja moja. Ni kama dagaa wa Kibirizi: anayenunua kwa fungu habagui huyu mkubwa, yule kichwa kimekatika, anabeba fungu lote. Kila mtu ana mafungu mawili, moja la baba na moja la mama, na yote mawili huonekana. Hakuna linalojificha chini ya jingine.

Baba ana fungu la 1 na la 2, mama ana la 3 na la 4. Mtoto anaweza kutoka na 1 na 3, au 1 na 4, au 2 na 3, au 2 na 4. Basi. Mzazi na mtoto hushiriki fungu moja daima, yaani nusu. Ndugu wawili ni bahati: robo ya nafasi wamelandana kabisa, nusu ya nafasi wameshiriki fungu moja, na robo iliyobaki hawashiriki hata moja, ingawa wamenyonya titi moja. Kijana wetu na kaka yake wameangukia robo hiyo ya mwisho. Kama kuna swali la baba, huulizwa kati ya baba na mtoto. Ndugu kwa ndugu hawawezi kulijibu.

Na robo si ahadi. Mgonjwa mwenye ndugu watatu ana nafasi ya takribani asilimia 58 ya kupata hata mmoja aliyelandana naye kabisa. Wa baba mmoja mama tofauti kwa kawaida hushiriki fungu moja au wasishiriki kabisa. Mara chache fungu lenyewe hukatika katikati, kipande cha 1 kikaungana na cha 2, na maabara ikapata kazi ya ziada.

Kwa figo, dawa za kutuliza kinga zimelegeza masharti haya. Uloto, yaani uboho ulio ndani ya mifupa, kwa mfano kwa mtoto mwenye selimundu, bado una masharti makali: ndugu aliyelandana kabisa ndiye chaguo la kwanza.

Ukitoka nje ya familia mambo hupanuka. Aina za alama hizi ni maelfu, na Afrika ndiyo yenye mchanganyiko mkubwa kuliko kote, huku orodha za dunia za wachangiaji wa uloto zikijaa watu wa asili ya Ulaya. Maradhi nayo huchagua mafungu. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kuwa watoto wa Gambia wenye alama ya B53 walipungukiwa na hatari ya malaria kali. Alama ya B57 huwasaidia baadhi ya watu kukizuia kirusi cha UKIMWI kisizaane haraka.

Sokwe wa Gombe, hapo juu tu ya mji wa Kigoma, wana alama za ukoo huohuo, na virusi ndugu wa VVU vimo msituni mwao. Baadhi yao wana alama inayofanana na B57, na walioambukizwa wakiwa nayo wameonekana kuwa na virusi vichache. Hakuna aliyechomwa sindano ili hayo yajulikane. Watafiti waliwafuata nyuma, wakaokota kinyesi.