Imeli za matangazo: eti anwani iko wazi, kwa hivyo tuma tu?

Ukiongea na watu wa biashara kuhusu imeli za matangazo, utetezi wa kwanza huwa ni huu: "Hiyo anwani nimeitoa kwa tovuti yake mwenyewe, iko wazi, sijaiba mahali." Sawa, hujaiba, lakini anwani kuonekana ni kitu kimoja na mwenyewe kukubali umtumie ofa kila Ijumaa ni kitu kingine kabisa. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni zake za 2021 zimeeleza haya mambo ya matangazo bila kuzunguka: data uwe umeipata kwa mwenyewe, umemwambia utaitumia kwa matangazo, amekubali, umempa njia rahisi ya kujitoa, na hajajitoa. Yote kwa pamoja, si uchague lile linalokufaa.

"Lakini listi nimeinunua, aliyeniuzia ndiye mwenye makosa." Huyo ana yake, na wewe una yako, maana anayetuma ni wewe. Mwaka 2023 kampuni ya mikopo ya simu inaitwa Mulla Pride ilipigwa faini ya shilingi 2,975,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine. Hizo zilikuwa meseji na simu, si imeli, ila sheria ni hiyo hiyo.

Halafu kuna "mimi nina duka dogo tu, hizi ni sheria za mabenki". Hapa watu wamesikia nusu ya habari. Ni kweli ukiwa na mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi hawafiki 10, kwa kawaida hulazimiki kujisajili kwa Kamishna (kuna sekta ambazo lazima ujisajili hata ukiwa mdogo vipi). Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria, mteja wako akilalamika bado utaitwa. Na ndugu zetu wa Tanzania msicheke, yenu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023 na Tume mnayo.

Sasa hii inayofuata inawanasa hata watu makini, ati "listi yangu ni ya zamani, wacha niwaandikie wote kwanza niwaulize kama bado wanataka". Unaona ni adabu si ndio? Uingereza mwaka 2016 Honda walituma imeli kama laki tatu hivi za kuuliza watu kama wangependa kuendelea kusikia kutoka kwao, na mwaka 2017 wakapigwa faini ya pauni 13,000 kwa sababu hawakuweza kuonyesha kwamba hao watu walikuwa wamekubali kuandikiwa. Shirika la ndege la Flybe ndio lilitia fora, liliwaandikia watu zaidi ya milioni 3 ambao walikuwa wameshajitoa likiwaomba wasahihishe taarifa zao, faini pauni 70,000. Imeli ya kuomba ruhusa ya matangazo nayo ilihesabiwa kuwa tangazo. Mtu akishasema hapana, hapana yake haina tarehe ya kuisha.

"Mbona Marekani unatuma tu bila kuuliza?" Kweli, sheria yao ya CAN-SPAM haidai ruhusa ya kwanza. Lakini inadai anwani halisi ya posta, kichwa cha imeli kisichodanganya, na anayejitoa umtoe ndani ya siku 10 za kazi, hata kama anayeandikiwa ni kampuni. Faini yake inafika zaidi ya dola 50,000 na inahesabiwa kwa kila imeli moja moja, kwa hivyo usiione kama ni uhuru wa bure.

Na kujitoa kwenyewe jamani. Mtu anabonyeza linki anaambiwa aingize paswodi, kisha ajaze fomu aeleze sababu, hiyo si njia rahisi. Tangu Februari 2024 Gmail inataka anayetuma imeli 5,000 au zaidi kwa siku aweke kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, la sivyo hata risiti zako zitaanza kupotelea kule kwenye spamu.

La mwisho ni CC, ile sehemu ya imeli ambapo kila anayeandikiwa anaona anwani za wengine wote. Wengi wanadhani ni ushamba tu kuweka wateja wote kwa CC, kumbe umempa kila mmoja anwani za wenzake, na kama kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika (fikiria listi ya wagonjwa wa kliniki) una saa 72 za kumjulisha Kamishna. Na ile imeli ya "samahani, tafadhali futeni iliyotangulia", iweke BCC (hapo anwani za wengine hazionekani), maana kuna watu wanaomba msamaha kwa CC tena.