Je, wajua kwa nini mita ya LUKU haisahau yuniti zako umeme ukikatika, ila kompyuta inasahau kazi yako?

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Makole, Dodoma, kuna dada wa chuo anachapa ripoti yake ya fildi, kashafika ukurasa wa kumi na kitu, mara pap, umeme umekata. Uliporudi faili lina kurasa nne tu, zile alizokuwa ameshasevu, dada wa watu machozi yanamlenga. Nikaangalia mita ukutani, yuniti zipo vilevile. Sasa zote mbili zina chipu ndani, zote zimekaa gizani muda uleule, iweje moja ikumbuke na nyingine isahau?

Jibu liko kwenye RAM, ile memori ambayo kompyuta inafanyia kazi. Ndani yake kila biti, yaani 0 au 1 moja, inakaa kwenye kapasita, chukulia ni kidumu kidogo sana cha chaji, na kidumu chenyewe kinavuja, kwa hiyo kompyuta inapita kuvijaza upya vyote kila baada ya milisekunde 64 hivi, yaani kama mara 15 kwa sekunde, mchana kutwa. Umeme ukikata hakuna wa kujaza, basi. Mita yenyewe hesabu zake inaziandika kwenye memori isiyohitaji umeme ili kukumbuka, tena ni hesabu chache tu, hata ikiandika taratibu hamna shida.

Utauliza, si kompyuta nayo ipewe hiyo? Tatizo ni mwendo. Flashi, hii iliyoko kwenye simu na SSD, yaani diski za kisasa za kompyuta, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliibuni miaka ya 1980, inakumbuka bila umeme lakini ni nzito. Tuseme umemtuma mtoto dukani hapo Majengo akaleta chumvi kwa dakika moja, hiyo ndo RAM, basi ukimtuma kwenye flashi chumvi unaipata kesho yake. Halafu inachakaa, ukiandika na kufuta mara elfu kadhaa sehemu ileile inachoka.

Na jamani zamani haikuwa hivi! Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya, na sumaku haihitaji umeme ili ibaki sumaku. RAM ya kapasita ilipoingia sokoni 1970 ikawa rahisi kwa bei na ndogo kwa umbo, tukakubali usahaulifu ili tupate unafuu.

Ndo maana kuna watu wamekomaa kutafuta memori yenye mbio za RAM na kumbukumbu ya flashi. Moja inaitwa MRAM, imerudi kwenye sumaku, ila safari hii ni tabaka mbili nyembamba sana, zikielekea upande mmoja umeme unapita kirahisi, zikipingana unapita kwa shida, hapo umepata 0 na 1. Nyingine inatumia joto. Ukiyeyusha sukari kwenye sufuria ukaipoza ghafla inakuwa kama kioo, ikipoa taratibu inaweza kurudi chengachenga, na kuna madini yanayofanya hivyo ndani ya chipu, yakiwa kioo umeme unagoma, yakiwa chenga unapita.

Intel na Micron, kampuni za kutengeneza chipu, walitangaza memori yao isiyosahau 2015, ikauzwa kwa jina la Optane, na 2019 ikaja ya kuchomeka palepale inapochomekwa RAM. Ilikuwa nzito kuliko RAM mara chache tu, si mara elfu. Mi naona ilikuwa kazi kubwa sana, lakini soko halikukua vya kutosha na 2022 Intel wakatangaza kuifunga.

Ila hata ingekuwa bure, kuna mtego ambao wengi hawaujui. Prosesa, ile chipu inayopiga hesabu za kompyuta, ina memori yake ndogo ya ndani, hesabu zinapita humo kwanza kabla ya kufika kwenye memori kubwa, na hiyo kwa kawaida inasahau. Chukua wakala wa pesa, mfumo unatoa 50,000 kwako, unaongeza 50,000 kwa mama kule Kondoa. Wewe programa umeandika kutoa kwanza, lakini prosesa inaweza kuisukuma kuongeza ikafika kwenye memori kabla ya kutoa, umeme ukate hapo katikati, tayari kuna pesa imezaliwa hewani na memori itaikumbuka milele! Kwa hiyo lazima uiamrishe prosesa, peleka hili kwanza, lifike, ndo uje na lingine. Programu nyingi hazikuandikwa hivyo.

Halafu fikiria hii dawa yetu ya zima uwashe. Inafanya kazi kwa sababu RAM inasahau, uchafu wote unaondoka. Memori isiyosahau inaamka na uchafu wake, na mtu akiichomoa akaondoka nayo kaondoka na nywila zako humohumo. Ndiyo maana Optane ile ya kuchomeka penye RAM ilikuwa inaandika kila kitu kwa msimbo wa siri, na pale ilipotumika kama RAM ya kawaida, ufunguo wa hiyo siri ulipotea kila umeme ukizimwa, data zipo palepale lakini hakuna wa kuzisoma tena.