Ua la kudumu: kinachodumu ni nini?

Ukisikia "ua la kudumu" unaweza kudhani ni ua lisilonyauka. Sivyo. Kinachodumu ni mmea wenyewe, hasa sehemu iliyo ardhini: mizizi pamoja na kitako kifupi ambako majani huchipukia. Mmea wa msimu mmoja huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa. Wa kudumu huishi zaidi ya miaka miwili. Majani yake yanaweza kukauka yote, ukadhani umekufa, kisha hali ya hewa ikibadilika unachipua upya palepale. Ukisifiwa kuwa unastahimili baridi, maana yake mizizi hiyo inavumilia hata udongo ukiganda.

Sijui mfano mzuri kuliko mmea wa maua uitwao hemerokali. Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, "siku" na "uzuri", kwa sababu kila ua huishi takriban siku moja tu. Lakini bua moja hubeba matumba mengi yanayofunguka kwa zamu, kwa hiyo bustani hubaki na maua kwa wiki kadhaa. Watu huuita yungiyungi, ingawa si yungiyungi halisi: hauna kitunguu ardhini, una mizizi minene inayohifadhi maji na chakula.

Ukishaelewa hilo, utunzaji wake haukupi shida. Panda mmea huu mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, kwenye udongo usiotuamisha maji. Kitako kifunikwe na udongo wa sentimita 2 au 3 tu. Ukikizamisha sana, maua huwa haba. Kati ya shina na shina acha sentimita 45 hadi 60. Mwagilia hadi mizizi ishike, kisha tandaza mboji kidogo kila mwaka. Mbolea ya naitrojeni ikizidi utapata majani mengi na maua machache. Na tafadhali usikate majani mabichi baada ya maua kwisha, kwani ndiyo yanayolisha mizizi kwa ajili ya mwaka ujao. Kata bua lililomaliza kuchanua na majani yaliyokauka, basi.

Kazi ambayo wengi huiahirisha ni kugawa mashina. Baada ya miaka 3 hadi 5 machipukizi hubanana, yakagombea chakula, na maua yakapungua. Hapo ng'oa shina zima kwa jembe la uma, kung'uta udongo, kisha lipasue kwa mikono au kisu kikali. Kila kipande kiwe na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Punguza majani hadi kimo cha shibiri moja, panda siku hiyohiyo, mwagilia. Vipande vingine havitachanua mwaka wa kwanza. Visikutie wasiwasi wala usiving'oe. Vinajenga mizizi kwanza.

Kama unafuga paka, usipande hemerokali kabisa: ni sumu kwake, na huua figo zake.